Ukungu Wangu Mzuri na Mzee wa Bungoma

Niliondoka Kitale kwa sababu jirani yangu, Mwalimu Nekesa, alitaka picha moja tu. Mama yake mjane, aliyekuwa akiishi peke yake nje kidogo ya Bungoma, alikuwa amekubali hatimaye kuhamia kwake, kwa sharti kwamba apigwe picha kwanza pale nyumbani. Mimi, bingwa wa kamera, sikuuliza ya nini. Bingwa haulizi. Nilikuwa na lenzi mpya ndefu, ile inayomwacha mtu aking'aa huku kila kitu nyuma yake kikiyeyuka kuwa ukungu laini, na maharusi wote wa Kitale walikuwa wameshaisifu.

Saa moja asubuhi tulipita Kiminini katika gari la Mwalimu. Kufika Kamukuywa nilikuwa nimeshamweleza siri yote: lenzi ikiwa ndefu, tundu lake la kuingizia mwanga likifunguliwa sana, na mpiga picha akisogea karibu, sehemu inayoonekana sawasawa huwa nyembamba ajabu. Mwalimu akasema, "Enhe." Tulipofika Webuye akasema tena, "Enhe." Nikaamini amevutiwa.

Saa tatu na nusu tukafika. Mama yake Mwalimu, Kukhu kama wanavyomwita bibi mzee huku, alikuwa ameketi uani tayari, amevaa gauni la kanisani. Nyuma yake lilikuwepo kaburi la mumewe, lenye msalaba wa saruji na jina lake. Nikafurahi kwamba hilo nalo litayeyuka vizuri. Nikafungua tundu hadi mwisho, nikasimama hatua mbili kutoka usoni pake, nikapiga. Kisha nikamwonyesha kioo cha kamera na kungoja sifa zangu.

Alivaa miwani, akaangalia kwa muda.

"Mzee ako wapi?"

Nikamweleza kwamba mzee ni ule weupe pale nyuma, na kwamba huo ndio mtindo wa kisasa. Alinitazama kama mtu aliyeletewa maziwa yenye maji.

"Hapa umenipiga mimi peke yangu," akasema. "Hiyo ya kuwa peke yangu naijua. Mimi nataka kuenda na yeye."

Mwalimu aligeuka akajifanya anakagua mahindi. Mimi niliona haya, tena haya ya kweli.

Nikatoa ile lenzi fupi iliyokuja na kamera, niliyoidharau hadi nikaifungia ndani ya soksi. Nikabana tundu, nikarudi nyuma hatua kumi. Kukhu, ambaye hakuusikia mhadhara wangu wa Kamukuywa, alisogeza kiti chake mwenyewe mpaka kikagusa kaburi. Hilo lilisaidia kuliko vifaa vyangu vyote. Lakini tundu dogo huingiza mwanga kidogo, na mawingu yalikuwa yametanda, kwa hiyo kamera ingechukua muda mrefu kupiga; niliiweka juu ya miguu yake mitatu na kumwomba Kukhu asitikisike. Alitulia kuliko bwana harusi yeyote niliyewahi kumpiga.

Picha ilitoka na kila kitu: Kukhu, msalaba, jina la mzee herufi kwa herufi, kamba ya nguo, hata mlango wa choo. Kilichopata ukungu wangu wa kisasa kilikuwa kimoja tu, jogoo aliyekataa kusimama.

Kukhu alipitisha kidole juu ya lile jina.

"Huyu ndiye yeye," akasema. "Sasa tunaweza enda."

Saa nane tukashika njia ya kurudi, Kukhu mbele, mimi nyuma na jogoo yule yule magotini. Mwalimu akaniuliza kwa upole kama sina cha kumweleza mama kuhusu lenzi. Nikasema nimechoka.

Picha hiyo sasa iko sebuleni kwa Mwalimu, imetundikwa chini kidogo ili mkono wa Kukhu uifikie. Lenzi yangu ndefu ningali nayo, na bado naringa nayo. Ila siku hizi mteja akishaketi, kabla sijagusa tundu, humuuliza nyuma yake kuna nani.