Mama Alikuwa Juu Ardhi Ilipotikisika

Nikiulizwa kama nimewahi kupatwa na tetemeko la ardhi, najibu ndiyo, halafu najikuta nasimulia habari za bembea. Watu wananitazama kama nimekunywa. Siwalaumu. Mambo hayo mawili kwangu yameshikana, na kila nikijaribu kuyatenganisha ndiyo kwanza najichanganya zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na Sumbawanga ilikuwa imeanza kuona vitu. Walanguzi walikuja na malori kununua mahindi mlangoni kwa mkulima. Mitumba ilimwagwa sokoni kwa marobota, na mimi niliyekuwa nashona magauni nikageuka fundi wa kupunguza suruali za watu warefu wa Ulaya ziwatoshe watu wa hapa. Msimu mmoja, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani na upepo wa Julai ukikata masikio, akatokea kijana mmoja kutoka Mbeya na bembea ya kuzunguka. Si bembea ya kamba tuliyoijua. Hii ilikuwa gurudumu la chuma lililosimama wima, limening'inizwa viti vya rangi, linazungushwa na jenereta inayonguruma kutwa nzima. Aliisimamisha kwenye uwanja wa wazi, miguu yake minne akaigandamiza kwa viroba vya mchanga. Watu walitoka mpaka Chala, wamekaa juu ya magunia kwenye malori, waje wazungushwe, watapike, warudi kwao wamefurahi.

Mama yangu hakuwa mtu wa michezo. Alikuwa mjane, anaishi kijijini Pito katika nyumba ya tofali za kuchoma aliyoachiwa na baba, na sikumbuki kumwona amekaa bila kitu mkononi. Kama si ungo wa ulezi, ni rozari. Habari moja tu ndiyo iliyomfanya asahau kazi, nayo ni habari ya ile nyumba. Aliwasimulia hata watu waliokuja kuomba chumvi. Kwamba baba alifyatua tofali mwenyewe, akazichoma mwenyewe. Kwamba yeye mama ndiye aliyebeba mawe ya msingi kichwani kutoka mlimani, safari kwa safari, mpaka mama yake alipougua kule Chala, akalazimika kwenda kumuuguza. Na kwamba aliporudi alikuta msingi umekwisha na kuta zimefika madirishani.

"Mwanaume mmoja," alikuwa akisema, "mikono miwili! Sikuamini macho yangu."

Baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye nyumba yake iko jirani, akiwa karibu wakati wa hadithi hiyo alikuwa anakohoa na kutazama kwingine. Mimi nilidhani ni wivu wa ndugu.

Jumapili moja mama alikuja mjini kwa misa, na tulipopita uwanjani akasimama akaitazama bembea kwa muda.

"Nataka kupanda," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akavua kitenge cha juu akanipa nikishike, akapanga foleni nyuma ya watoto wa sekondari, na ilipofika zamu yake akakaa kwenye kiti cha bluu kama anayekaa kwenye benchi la kanisa. Jenereta ikavuma, mama akaanza kupaa.

Nilikuwa nimesimama karibu na mama mmoja muuza karanga. Kwanza nilidhani nimeshikwa na kizunguzungu kwa kumtazama mzazi wangu akizungushwa hewani. Miguu ikawa si yangu. Kisha nikasikia ngurumo kama ya lori, ila ilitoka chini, na karanga zikaanza kucheza kwenye ungo. Mtu akapiga kelele, "Chini! Chini!" Uwanja mzima ukachuchumaa. Kwetu mtoto anafundishwa hivyo mapema: ardhi ikitikisika unachuchumaa, unaweka viganja juu ya udongo, unatulia kama unayemtuliza ndama. Nilifanya hivyo. Mwenye bembea naye alichuchumaa, akaiacha mashine inazunguka yenyewe.

Nikainua macho. Mama alikuwa kileleni kabisa, kilemba kimemvuka, anacheka mpaka pengo la jino la nyuma linaonekana. Nikamwita kwa nguvu zangu zote, "Mama! Shuka!" Akadhani namshangilia. Akainua mikono yote miwili.

Kuogopa na kuona raha kwa niaba ya mtu mwingine kwa wakati mmoja, sijui kunaitwaje. Nilijikuta nalia na kucheka, na viganja vyangu viko chini.

Kila kitu kilipotulia, bembea ikasimamishwa, na mama akateremka akatukuta bado tumechuchumaa.

"Mmepatwa na nini? Mnasali?"

"Mama, ardhi imetikisika."

"Imetikisika wapi?"

"Hapa! Kila mahali!"

Akatazama huku na huku. Miti ilikuwa imesimama, maduka yamesimama, mbwa amelala. "Mimi nilikuwepo," akasema, "na sikusikia kitu." Akachukua kitenge chake.

Mpaka jioni mji mzima ulikuwa umeshapata maelezo: ni bembea. Ile miguu ya chuma imechoma mahali pasipochomwa, na jenereta imetikisa mpaka ardhi imechoka. Nilibisha, kisha nikakaa nikajiuliza kama nina hakika. Mimi najua nini kuhusu ardhi? Siku iliyofuata hapakuwa na foleni. Watoto walisimama mbali, ng'ambo ya barabara, wakiitazama bembea kwa hamu na woga, na mama zao wakiwavuta mikono.

Nilipomsindikiza mama Pito ndipo nilipouona ufa. Ulishuka kutoka darini mpaka sakafuni, kwenye ukuta wa chumba anacholala, kando ya kitanda chake. Mkono wangu uliingia mpaka kifundo. Nikasukuma kidogo tu, vumbi likamwagika na tofali moja ikasogea.

"Mama, hulali tena humu."

"Nalala. Hao ni fuko, wamechimba chini."

"Fuko gani wanapasua ukuta mpaka juu? Ni tetemeko!"

"Tetemeko ambalo mimi sikulisikia?"

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka kuliko bembea. Nilimsihi ahamie kwangu mjini. Akakataa. Nikamsihi ahamishie kitanda sebuleni tu. Akakataa. Chumba hicho mumewe alikijenga, humo alifia, na yeye hatoki humo kwa ajili ya maneno ya watu waliochuchumaa uwanjani. Nilikasirika mpaka nikamwambia ukuta ukimwangukia nisiitwe. Nilisema uongo mtupu. Kila siku nikiwa kwenye cherehani, sindano inakwenda na mimi namwona amelala chini ya zile tofali.

Na baba mdogo, badala ya kunisaidia, ndiye aliyeharibu. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, ya tofali zilezile za udongo uleule, na haikuwa na hata mstari. Nilipomwita aje amweleze mama, akauangalia ufa, akakuna kidevu, akasema, "Hata mimi nashangaa. Tetemeko gani hili linachagua nyumba moja?"

Mama alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama.

Nilimwona akilifikiria neno hilo. Kama ardhi haikutikisika, na fuko hawapandi ukutani, basi ukuta umepasuka kwa sababu ulijengwa vibaya. Na ukuta huo aliujenga mtu mmoja, mikono miwili. Akaendelea kupepeta, ila nilimwona akipuliza na kumwaga ulezi mzima pamoja na makapi.

Jumapili iliyofuata alinijia baada ya misa. "Nipeleke kwenye bembea."

Uwanja ulikuwa mtupu. Mwenye bembea alikuwa amekaa juu ya kiroba cha mchanga, amejikunyata kwa baridi. Vijana wa stendi walikuwa wakipita mbali wakimtania, "Mshikaji, leo unatutikisa saa ngapi?" Wateja wake pekee walikuwa wafugaji wawili waliohamia Milepa na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wamepanda kutoka bondeni kuja kuuza madume. Wao hawakuogopa.

"Hata kwetu Milepa ilitikisika," mmoja akatuambia. "Vyungu vilianguka. Na sisi hatuna bembea."

Nilitamani kumkumbatia. Nikamgeukia mama: "Umesikia?"

"Milepa ni Milepa. Mimi nataka kujua habari zangu." Akamwendea mwenye bembea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nizungushe. Nikifika juu, hawa watikise."

"Watikise nini, mama?"

"Ardhi."

Tukatazamana. Yule kijana akasema kwa adabu kwamba ardhi haitikisiki kwa mikono. Mama akasema basi watikise chochote kinachotikisika, watikise kwa nguvu, wasimwambie lini. Kijana akakuna kichwa. Siku nzima hakuwa amepata mtu wa kuzungusha, sasa amepata mmoja na anataka mashine itikiswe. Mwishowe akakubali, ila akamfunga mama kitini kwa kamba ya katani mara mbili, huku akiomba Mungu kwa sauti.

Basi mama akapaa tena. Alipofika juu nikawapa ishara wale wafugaji. Wakaweka fimbo chini, wakakamata mguu mmoja wa bembea, mimi nikakamata pamoja nao, tukatikisa kama watu wanaoangusha maembe. Chuma kililia. Viroba vilihema vumbi. Mwenye bembea aliziba macho. Huko ng'ambo ya barabara watu wakaanza kupiga mayowe, na nilipotazama nikaona wengine wameshachuchumaa, viganja chini. Sikujua nicheke au nitubu.

Mama alizunguka juu yetu, kimya safari hii, uso umekaza kama anayesikiliza mahubiri.

Aliposhushwa akauliza, "Mmetikisa?"

"Tumetikisa!"

"Kweli?"

Mfugaji mmoja akamwonyesha viganja vyake, vyekundu kwa kutu. Mama akavishika, akavitazama, akavigeuza. Machozi yakamlengalenga.

"Sikusikia kitu," akasema. "Basi hata siku ile ilitikisika."

Alilitamka hilo kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Njiani alitembea mbele yangu, na kila aliyekutana naye alimpa habari kwamba Jumapili iliyopita kulikuwa na tetemeko, kana kwamba lilikuwa halijamfikia. Kwa bembea lakini ilikuwa mwisho. Waliotuona tukitikisa walikwenda kueleza kwamba wameshuhudia kwa macho yao jinsi mashine ile inavyotikisika, na kabla ya wiki kwisha kijana wa watu alikuwa ameipakia kwenye lori anarudi Mbeya. Sijui kama nilimponza mimi, au mama, au ardhi.

Jumapili hiyohiyo mama alihamishia kitanda sebuleni bila kuombwa. Tukaubomoa ule ukuta, mama, baba mdogo na mimi, tofali moja moja, tukizipanga uani ili zitumike tena. Nilikuwa na raha. Nilidhani yamekwisha.

Tulipofika chini baba mdogo akasema, "Msingi tuuache, shemeji. Tujenge juu yake tu."

"Hapana," mama akasema. "Tuufukue. Nataka huyu mtoto aone mawe niliyoyabeba."

"Hakuna haja, shemeji."

"Ipo."

Akachukua jembe mwenyewe. Kwenye kona yakaonekana mawe, makubwa kama vichwa vya watu, na mama akaanza kuniambia hili alilitoa wapi, hili lilimchubua wapi. Akaendelea kufukua kuelekea pale ulipokuwa ufa. Jembe likagonga jiwe, likagonga jiwe, kisha likazama lote.

Akalivuta. Udongo. Akapiga mbele kidogo. Udongo, na vipande vya tofali zilizovunjika, na bua la hindi lililooza. Mpaka mwisho wa ukuta hapakuwa na jiwe hata moja.

Baba mdogo alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Nilielewa kwa nini alikuwa anakohoa miaka yote ile. Mama alipokwenda Chala, baba alimalizia msingi kwa udongo, na yeye alijua.

Mama alisimama ameegemea mpini. Kisha, taratibu, akaanza kurudishia udongo kwa mguu wake, akiukanyaga, mpaka palipokuwa wazi pakafunikwa.

"Lile tetemeko," akamwambia baba mdogo, "lilikuwa kubwa sana. Si ndiyo?"

Baba mdogo akainua uso. "Kubwa sana, shemeji. Sijawahi kuona."

Mama akanigeukia mimi. Nilikumbuka karanga zikicheza kwenye ungo, na muuzaji ambaye hakupoteza hata punje moja.

"Kubwa mno, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Akasokota kitenge chake kikawa ngata, akakiweka kichwani, akaelekea mlimani kuchukua mawe.