Flashi ya Kaka Isiyoacha Alama

Kaka yangu alikuja dukani kwangu Same, ninapochapa na kutoa kopi, akatangaza kuwa kompyuta yangu imejaa virusi. Akachomeka flashi yenye mfumo endeshi wake, akaiwasha kompyuta upya kwa mfumo huo.

"Hii haiachi alama yoyote," alisema, akiikinga skrini kwa mgongo nisione.

Alipomaliza kuandika, mfumo ule salama ukaikataa printa yangu. Mtaalamu wetu akaipiga picha skrini kwa simu ili anitumie nimchapie bila kusoma, na kwa haraka zake akaituma kwenye kundi la ukoo. Lilikuwa tangazo la kuuza shamba la kahawa la marehemu baba, kule Ugweno.

Shangazi akampigia kaka simu papo hapo.

"Shikamoo, shangazi," kaka alisema.

Shangazi hakuitikia. Alimuuliza tu kama na yeye, shangazi mtu, ameshapangiwa bei.

Shamba halikuuzwa.