Kobe wangu kwenye sala ya jumuiya

Jamani, leo nimepiga kelele katikati ya sala!

Kobe wangu alimaliza dozi ya antibaiotiki, tumbo likagoma. Hali chakula, hapati choo. Daktari wa mifugo akanipa unga wa bakteria wazuri wa tumbo: "Leo ikishindikana, tutampoteza."

Na leo jumuiya ilikuwa inasali kwangu, hapa Mabwerebwere. Wenzangu wamefumba macho, mimi nachungulia chini ya kochi.

Mama Mwenyekiti alikuwa anaombea wagonjwa. Kobe akatoka taratibu, akapanda kiatu cha huyo mama, akatulia.

Akaachia mzigo wote.

Nikaruka: "Asante Yesu!"

Wote: "Amina!"

Mama Mwenyekiti akafumbua macho, akaangalia kiatu, akatoka.

Nimemfuata mpaka nje. "Shikamoo, mama." Akaendelea kufuta kiatu kwenye majani.

Kobe sasa hivi anakula mchicha. Ninyi mngejizuia?