Folda Nyeusi ya Mzee Pancras

Saa tatu asubuhi, malori ya kwenda mpakani Rusumo yananguruma nje ya steshenari yake pale Lusahunga, na Deodata Gidioni anabishana na mama mmoja kuhusu rangi ya maharage.

"Ya kwetu si mekundu hivyo," anasema mama, akikisogelea kioo cha kompyuta. "Yana madoa."

Deodata anacheka, anabofya, anatafuta picha nyingine. Mara folda ya familia ya mama huyo, yenye vyeti vya watoto, inavua umanjano iliozaliwa nao na kuvaa punje za maharage yenye madoa. Mama anaridhika. Sasa kazi iliyomleta inaweza kuanza.

Ukidhani ni mchezo, hujakaa pale. Deodata, mzaliwa wa Mabawe wilayani Ngara, huwatunzia wateja kazi zao ili wasichapiwe upya kila wanaporudi. Majina yanafanana mno, hivyo kila familia ina picha yake: baiskeli, mkungu wa ndizi, trekta.

Zamani alitumia rangi tu. Kijani, kazi mpya. Bluu, harusi. Nyeusi, msiba. Alijisifia utaratibu huo, mpaka ulipomtokea puani.

Mwaka jana Mzee Pancras wa Runazi alifiwa na mdogo wake. Deodata alichapa ratiba ya mazishi, akaiweka kwenye folda ya familia, yenye jina la mzee kama mkubwa wa ukoo, akaigeuza folda hiyo nyeusi. Akasahau kuirudisha.

Baadaye mzee alikuja kuagiza kadi za harusi ya binti yake. Akainama kwenye kioo, akaliona jina lake limevikwa weusi. Alivaa kofia, akatoka bila kuaga.

"Habari zikaenea kwamba nazika watu wakiwa hai," anasema Deodata. "Wanachungulia mlangoni, 'Mimi nina rangi gani?' Halafu wanakwenda kwingine. Kuna siku nzima nilitoa kopi moja."

Akaona duka linamfia mkononi. Akapanda bodaboda hadi Runazi.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba, mwanangu. Kukasirika sikukasirika," mzee alimjibu. "Niliogopa. Kifua kinanisumbua tangu masika. Nilipoona ile nyeusi nikasema, huyu kaambiwa kitu hospitali ambacho mimi wamenificha."

Deodata alilia pale pale uani, na haoni haya kulisimulia hilo. Kisha akamwuliza mzee angependa kuona nini kando ya jina lake. Mzee hakufikiri mara mbili: alimpeleka zizini, akamwonyesha ng'ombe wake mwekundu, Bihogo. Deodata akampiga picha ng'ombe huyo kwa simu, na ile folda nyeusi ikavaa Bihogo.

Kadi za harusi zikachapwa. Wateja wakarudi mmoja mmoja, kila mtu akitaka chake.

Sasa Deodata anajiandaa kufungua tawi dogo Mabawe, karibu na mama yake, huku mdogo wake Magdalena akibaki Lusahunga. Mzee Pancras, aliyeingia kusafishiwa picha za harusi, anasikia mpango huo na kukohoa kidogo.

"Nenda, mwanangu. Ila mwachie Magdalena maagizo. Siku yangu ikifika, ratiba yangu aiweke humo humo kwa Bihogo. Asinibadilishie."

"Hatabadilisha, baba," anasema Deodata, na kumgeuzia kioo amwone vizuri ng'ombe wake.