Nilivyobadilisha test ya Kaka Lusajo, mpunga wa mtu ukalowa Ubaruku

Wakuu, salaam kwenu. Kisa hiki kilinikuta mwenyewe, na sehemu za kujiaibisha sijazikata.

Miaka hiyo tulikuwa wawili tu kwenye kiofisi cha Mlandege, Iringa, juu ya duka la vitambaa. Mimi na Kaka Lusajo, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyenifundisha kazi ya kuandika programu za kompyuta.

Kwa wasio wa fani: end-to-end test ni programu inayofungua system yenyewe, inajaza fomu na kubonyeza kama mteja. Ikikwama inatoa nyekundu, ikipita kijani.

Kaka alikuwa na utaratibu wake. Test ikifeli, hakuna kugusa code. Tunasimama katikati ya ofisi: "Wewe mkulima, mimi system. Haya, njoo nikuhudumie." Tunaigiza fomu nzima mpaka tujue tumekwama wapi. Niliona utoto mtupu. Leo nazikumbuka siku zile mpaka roho inauma.

Basi, tulikuwa na system ya ghala la mpunga Ubaruku, mkoani Mbeya. Mkulima anasajiliwa kwa namba ya simu, mpunga unapokelewa, anapata meseji. Ghala lilikuwa linafunguliwa Jumatatu.

Ijumaa Kaka yuko msibani Mbeya. Mimi kwa ujuaji wangu nikaweka sharti kwenye system: namba moja, mkulima mmoja.

Test tatu nyekundu!

Kuangalia, wakulima watatu kwenye zile test wana namba moja. Nilicheka peke yangu. Nikajua Kaka alikopi na kupaste kwa uvivu. Nani angeigiza na mimi ofisi ikiwa tupu? Nikampa kila mkulima namba yake, zote zikawa kijani, nikamtumia meseji: "Kaka, mambo safi." Nikashuka zangu kula chipsi.

Jumatano tukapanda basi kwenda kuona kazi yetu. Mafinga malori ya mbao yametujazia barabara, Kaka ananitania njia nzima kwamba Iringa hatujui kupika ndizi.

Nje ya ghala tulimkuta mama mmoja amekaa juu ya magunia yaliyolowa.

"Kamwene mama," Kaka akamsalimia. "Mbona uko nje?"

"Tangu juzi, mwanangu. Kompyuta inasema namba yangu ina mtu. Huyo mtu ni mama mkwe wangu! Simu nyumbani ni moja, tunatumia wote. Usiku mvua ikanyesha."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Mpunga ukilowa ndani ya gunia unaweza kuchipua au kuoza. Huo ndio msimu wake wote.

Kaka akanigeukia. "Zile test nilikaa hapa wiki nzima ndipo nikaziandika. Namba moja, watu watatu. Ulizifanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Hakunifokea, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Akamwomba msimamizi turubai, akakunja suruali. "Shika gunia upande huo."

Tukaanika mpunga wote. Mchana kutwa napita katikati yake nikiugeuza kwa miguu, mama akinielekeza: "Buruza miguu, mwanangu, usikanyage kama unaenda sokoni."

Alasiri nikafungua laptop nikarudisha namba moja kwa wote watatu. Nyekundu. Ndipo nikaondoa lile sharti langu. Kijani.

Jua lilitusaidia, mwingi ulipona na ukapokelewa ghalani kwa namba ile ile. Magunia mawili ya chini yalikuwa yameshaharibika, na mama aliyabeba kurudi nayo nyumbani bila kutulaumu.

Kaka Lusajo aliacha fani, analima parachichi kwao. Nikimpigia anaongelea miche tu. Nimemmiss sana yule mtu.

Nilichojifunza: test ikifeli, uliza kwanza aliyeiandika alikuwa anamfikiria nani. Mimi niliwaona wale watatu ni data tu, kumbe mmoja wao alikuwa nje kwenye mvua.

Nawe mkuu, uliwahi kulazimisha kijani? Aliyelowa alikuwa nani? Funguka hapo chini, hapa hatuchekani.