Jumapili ya Sikio la Tonton Fidèle

Sikwenda Ulaya kutalii. Naliweka hili mbele kwa sababu tangu nirudi Morogoro kila ninayekutana naye anadai picha za majumba, nami sina hata moja. Nilikwenda Brussels kwa sababu Maman Odile alinipigia simu nikiwa darasani nafundisha, akaniambia mumewe, Tonton Fidèle, atapasuliwa sikio. Madaktari walimpa siku mbili achague. Akachagua ile ya mbali, Jumatatu moja iliyokuja miezi miwili baadaye, kwa sababu siku moja kabla, Jumapili, yule Mwairishi wetu angepiga gitaa palepale mjini kwao.

"Anasema hataingia hôpital bila kumusikia," alisema Maman Odile. "Na anasema wewe ukuye. Ma fille, kuya. Mi peke yangu sitamuweza."

Tonton Fidèle, tonton ni mjomba kwa Kifaransa chao, ni Mkongomani wa Lubumbashi. Zamani alipiga gitaa la kati kwenye bendi ya marehemu baba yangu, Dar es Salaam, kabla hajahamia Ubelgiji, na ndiye aliyenifundisha kushika gitaa nikiwa bado sifiki kwenye meza. Sikio lake la kulia lilikufa utotoni kwa surua. Maisha yote amepiga muziki kwa sikio moja, la kushoto, na sasa hilo la kushoto lilikuwa limeota uvimbe ndani, penye mshipa wa kusikia. Kuuacha haikuwezekana. Kuutoa, madaktari walisema, huenda kukaondoka na usikivu wote. Kwa hiyo Jumapili ile huenda ingekuwa ya mwisho kwake kusikia gitaa.

Mwairishi nitamwita Mwairishi tu, kama tulivyozoea. CD zake Tonton alikuwa akinitumia moja moja, kwa mkono wa msafiri yeyote aliyekuja Tanzania. Ndani yake utasikia gitaa, besi na ngoma zinazopapaswa kwa brashi, basi. Hakuna anayeimba. Mara ya kwanza nilidhani CD imekwama, maana katikati ya wimbo jamaa aliacha kupiga. Nikanyanyuka kwenda kuipiga redio kofi, gitaa likarudi. Kumbe alinyamaza makusudi! Na ukitega sikio vizuri, katika kimya kile kuna kitu kinalia, mlio mwembamba wa kukwaruza. Mimi nilisema ni kiti. Tonton alisema ni sakafu ya mbao. Tumebishana juu ya mlio huo kwa miaka, kwa simu, hadi salio linakata.

Wimbo ule nilijifunza kwa kusikiliza tu, nikampigia Tonton simu nikamchezea. Alisikiliza mpaka mwisho. "Unakimbia," akasema. "Ukifika pale pa kunyamaza, unaogopa, unakimbia. Ule hakimbie." Nilikasirika wiki nzima, kwa kuwa baba naye alifariki akinisema hilohilo. Nami methali ya haraka na baraka naijua, msinikumbushe.

Wiki ya safari viza ilikuwa haijatoka. Nilikwenda Dar nikalala kwa shangazi, kila asubuhi ubalozini, kila mchana narudi mikono mitupu. Ilitoka siku ambayo nilishaanza kutunga maneno ya kumwomba Tonton radhi. Ndege iliyokuwa na nafasi ilikuwa ya kwenda Paris, na kutoka pale ingebidi nipande treni Jumapili yenyewe. Shangazi alinifungia karanga za kukaanga za kumpelekea Tonton, akanisukumia kwenye teksi.

Paris, uwanja wa ndege, afisa alinihoji juu ya safari yangu. Nikamwambia naenda kumsikiliza mpiga gitaa. Akaniuliza mpiga gitaa huyo ni ndugu yangu? Nikasema hapana, ni Mwairishi. Akanitazama, akaigeuza pasipoti, akamwita mwenzake. Ningesema naenda kumwona mgonjwa wangenielewa upesi, lakini ulimi ulishatangulia. Waliponiachia nilikimbia na mkoba kifuani kama kibaka.

Treni nayo, ilipokaribia Brussels, ikasimama katikati ya mashamba. Wenzangu walifungua magazeti. Mimi nilikuwa roho juu juu. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka mama mmoja aliyekaa mbele yangu akanipa peremende bila kusema neno. Onyesho lilikuwa la mchana, nami nilikuwa natazama ng'ombe.

Gare du Midi, Jumapili, ni soko. Unatoka stesheni unapigwa na harufu ya mnanaa na kuku wa kuchoma, watu wanaitana kwa lugha zote. Maman Odile alikuwa amesimama penye zeituni, mfupi, kitambaa cha kichwa cha njano, koti la msimu wa baridi juu ya kitenge. Nilidhani tutakumbatiana.

"Utakula kisha," alisema, akaninyang'anya begi. "Concert iko à quinze heures, saa tisa. Tuende."

Njiani alinieleza hali. Sikio lilikuwa linafunga na kufunguka lenyewe. Jana lilifunga asubuhi, likafunguka jioni. Leo alipoamka alisikia vizuri.

"Na sasa hivi?"

"Sijue. Nilimuacha mu salon ya dada yangu. Ku nyumba anakaa tu anatega sikio, anajiuliza kama inafunga. Kule kuko batu, kuko makelele, anasahau."

Tulishuka kwenye treni ya chini ya ardhi Porte de Namur, tukateremka Chaussée d'Ixelles tukipenya kati ya watu, tukaingia Galerie d'Ixelles. Mnaoijua Kariakoo msingepotea pale: nywele za kubandika zimening'inia, samaki mkavu, redio tatu zinapigana. Saluni ya dada yake ilikuwa katikati. Tonton alikuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele iliyozimwa, suti ya kijivu, viatu vimeng'aa, mgongo kwetu. Alikuwa amekonda. Nilitaka kumwita, Maman Odile akanishika mkono akanizuia. Akamwita yeye, kwa sauti ya kawaida.

"Fidèle."

Hakugeuka. Akina dada waliokuwa wanasukwa wakanyamaza.

"Fidèle!"

"Minasikia," alisema Tonton, bado katupa mgongo. "Mara ya kwanza pia nilisikia. Kila siku munanipima kama muhogo mu soko. Zuhura amefika?"

Watu wakacheka kwa nguvu kupita uchekeshaji wenyewe. Nami nikacheka, kisha nikalia kidogo, nikamkabidhi karanga zake.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa pili, chini ya jengo, ngazi za kushuka, meza ndogo na mishumaa ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Maman Odile alichagua meza ya nyuma, karibu na mlango, endapo mgonjwa angezidiwa. Tonton alinung'unika, lakini mbele pote palishajaa. Halafu Mwairishi akatoka. Nilitarajia mtu mrefu mwenye nywele. Alikuwa kibonge, upara unang'aa, shati la mistari, mfano wa karani wa posta anayekaribia kustaafu. Akakaa kitini, akasikilizia kidogo, akaanza.

Nataka niseme ukweli kuhusu muziki ule, maana CD zilinidanganya. Katika CD gitaa lake ni la upole. Pale lilikuwa la upole vilevile, lakini upole wenye hatari ndani yake. Alikuwa akianza sentensi na kuiacha nusu, nasi sote tukiingoja, na mpiga ngoma akimtazama mikono kama asiyejua kitakachofuata. Hakuna aliyekohoa. Mtu mmoja aliweka glasi mezani, wenzake wakamgeukia. Kwetu muziki ukinoga watu wanaitikia, wanapiga vigelegele. Hawa walikuwa wanaupokea kwa kunyamaza.

Wimbo wa tatu ulikuwa ule wetu. Niliutambua kwa noti ya kwanza. Nikamgeukia Tonton nitabasamu naye, nikamkuta ameukunja uso, kiganja chake kinalipigapiga sikio la kushoto. Akanishika mkono, akabana hadi pete ikaniumiza.

"Imefunga," alisema. Alidhani ananong'ona, lakini meza tatu zilimsikia.

"Itafunguka, Tonton."

Alinitazama mdomo. Hakusikia. Maman Odile aliweka paji la uso juu ya ngumi zake, akaanza kuomba. Mwairishi alikuwa anaendelea, na kila noti niliyoisikia niliiona kama naiba chakula cha mwenzangu.

Ndipo Tonton akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa noti ya euro, akainyoosha kwa vidole. Nilijua mara moja anataka kufanya nini, nami sikupata ubavu wa kumzuia. Msomaji wangu unajua: kwetu mpiga gitaa akikukuna unainuka, unakwenda mpaka alipo, unambandika noti kwenye paji la uso. Unamtunza. Na anayetunza ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kumfikia mwanamuziki katikati ya wimbo. Tonton alitunzwa hivyo maisha yake yote, Dar na Lubumbashi. Lakini watu wa ukumbi ule hawakuwahi kuona kitu hicho.

Aliinuka. Kiti kilikwaruza, vichwa vikageuka. Akapita kati ya meza na suti yake ya kijivu, taratibu, mgongo umenyooka. "Yesu," alisema Maman Odile. Binti wa mlangoni, aliyetukatia tiketi, alianza kumfuata kwa hatua za haraka. Mzee mmoja alisema kitu kwa hasira. Mwairishi aliinua macho, akamwona mtu mgeni amesimama juu yake, mkono umenyooshwa kuelekea usoni pake. Nilisimama.

Tonton akambandika noti kwenye upara. Kwa jasho lile ikaganda.

Mwairishi hakuacha kupiga. Lakini Tonton naye hakurudi. Akainama, akaweka kiganja juu ya kile kisanduku cha spika kilichokuwa sakafuni kando ya kiti, akafumba macho. Binti wa mlangoni akamshika bega amwondoe. Wimbo ulikuwa umefika penyewe, pale pa kunyamaza, na gitaa likanyamaza.

Sijui kimya kile kilidumu muda gani. Wala sikujua kama ni cha wimbo au ameacha. Mwairishi alikitazama kiganja kilichokuwa juu ya spika, akamtazama Tonton usoni, akamtikisia kichwa yule binti: mwache. Kisha akashuka nyuzi za chini, zile nene, akapiga kwa dole gumba. Akapiga tena, nzito zaidi. Glasi mezani petu ilitetemeka. Aliurudia wimbo wote kule chini, kwa namna isiyopo kwenye CD yoyote, polepole, na noti imeganda kichwani, na kila alipopiga niliona mabega ya Tonton yakiitikia. Nililia waziwazi. Sikuona haya, na sasa pia sioni.

Aliporudi mezani Maman Odile alimwandikia kwa kidole kwenye kiganja: ulisikia?

"Apana," alisema Tonton, kwa sauti kubwa, uso umejaa jasho. "Mais nilimupata. Zuhura! Ile yenye inalia mu CD, si kiti, si sakafu. Ni kiatu yake. Akingoja, anainua kisigino, kiatu ndiyo inalia; niliipata mu kiganja."

Jumatatu walimpasua. Maman Odile nami tulishinda kwenye viti vya plastiki tukitafuna karanga alizozisaza mgonjwa. Jioni daktari alitoka akasema uvimbe umetoka wote, na sikio limekwenda nao. Maman Odile aliitikia "bon" mara nyingi, akimshukuru daktari, kisha akakaa chini.

Siku zilizofuata Tonton hakusema neno. Madaktari walisema koo lake ni zima. Alikuwa hajisikii sauti yake, akaona bora asiitoe. Tulimwandikia, akasoma, akageukia ukutani. "Uvimbe walitoa," aliniambia Maman Odile koridoni, "mais bwana yangu bado hawajanirudishia. Haseme kitu! Nitaishi naye namna gani mu nyumba, kama sanamu?"

Alhamisi, siku yangu ya kuondoka, nilipita kwao nikachukua gitaa lake la zamani, nikaenda nalo hospitalini. Muuguzi alilitazama, akafunga mlango wa chumba ili tusisumbue wengine. Nilikaa kitandani, nikachukua kiganja cha Tonton nikakiweka juu ya mbao za gitaa, nikaanza wimbo wetu kwenye nyuzi za chini. Nilikuwa na hofu. Akikiondoa mkono, nitamwambia nini mkewe? Hakukiondoa. Nilifika pale pa kunyamaza, nikanyamaza, nikaendelea.

Kiganja kikanibana gitaa, nyuzi zikafa.

"Unakimbia," alisema Tonton Fidèle.

Maman Odile alipiga kigelegele kimoja kilichomleta muuguzi mbio. Tonton akatutazama sote kwa zamu, asijue kelele zinatoka wapi, akalirudisha gitaa mapajani mwangu. "Encore," akasema. "Toka mwanzo." Treni yangu ya kurudi Paris niliikosa, nikapanda iliyofuata.

Sasa niko Morogoro, na wimbo ule nimeanza kuwafundisha kidato cha tatu. Nilichojifunza Brussels ni hiki tu, kwamba pale pa kunyamaza pana mtu ameweka kiganja, naye anahitaji muda. Juzi nilifika hapo, nikanyoosha vidole, nikangoja. Darasa likaanza kutazamana. Msichana wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umesahau?"

"Bado," nikamwambia, kisigino changu kikiwa juu.