Jagi Upande Wangu

Jumatano zote za mwaka ule tulikula chakula cha jioni Kawempe, kwenye mgahawa wa mama mmoja Mkongo wenye meza tano na bomba la kunawia karibu na mlango. Mchumba wangu, Mkongo pia, aliipenda sombe ya pale, yaani kisamvu, kwa sababu ilitwangwa kwa mkono. Mimi nilipenda kubishana na mwenye mgahawa. Aliniita Profesa. Nikiingia, aliwaambia wateja wafiche samaki wao, maana nitauliza kwa nini walikufa.

Jumatano ninayoikumbuka, mchumba wangu alinisubiri nje. Baba yake mdogo, aliyemlea tangu baba yake alipofariki, angepita akitoka dukani kwake Kikuubo ale nasi. Kwao, alinieleza, kijana huonwa kwanza akila. Mzee akiridhika, atataja siku ya mimi kwenda nyumbani na watu wangu kuposa.

"Leo usiulize kitu," akasema. "Jioni moja tu."

Nikaahidi.

Mzee alifika saa moja, koti mkononi. Aliuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia nilizaliwa katika nyumba za polisi Naguru, mtoto wa konstebo kutoka kaskazini. Akasema ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kama gwaride. Tukacheka wote watatu, na nikaona mabega ya mchumba wangu yakilegea.

Chakula kikaja: bugali wa muhogo, sombe, na samaki mmoja mkubwa wa kula pamoja. Mwenye mgahawa akaleta pia jagi la maji ya vuguvugu na beseni, vitu ambavyo hakuwahi kutuletea, akaviweka upande wangu. Mchumba wangu akanitazama. Mimi nikawa nautazama mvuke wa bugali. Yeye alipoona mzee amekaa na mikono mitupu, aliinuka, akachukua jagi, akapiga magoti kando yake.

Nimekulia mahali ambapo watu wazima walikakamaa mbele ya yeyote mwenye nyota mabegani, kisha wakirudi nyumbani walitaka wake zao wapige magoti. Mama yangu alipiga magoti miaka yote. Kumwona mchumba wangu vile kulinipandisha hasira, nikamwambia, "Lakini bomba lipo pale. Kwa nini asiende kunawa mwenyewe?"

Nilisema hivyo kana kwamba mzee hayupo.

"Kijana anasema kweli," mzee akasema. "Miguu ninayo."

Akaenda kwenye bomba, akanawa, akarudi, akala vizuri tu. Akazungumza juu ya mvua na vitenge vilivyokwama mpakani. Nilidhani nimeshinda, nikaongeza hata maelezo marefu kuhusu heshima na woga. Alisikiliza. Alipoondoka alinishukuru kwa mazungumzo, wala hakutaja siku.

Mwenye mgahawa aliondoa vyombo bila kuniita Profesa.

"Jagi liliwekwa upande wako," mchumba wangu akasema. "Wewe ndiye wa kummiminia. Nilipiga magoti ili usiaibike."

Nikauliza mtu anapimwaje kwa kitu ambacho hakuambiwa. Nikauliza kama ningeambiwa, kipimo kingekuwa na maana gani. Siku haikutajwa wiki ile, wala iliyofuata, na kufikia Pasaka tulikuwa tumeacha kula pamoja.

Bado naona maswali yale yalikuwa ya haki. Ila niliyauliza yote, nikaliacha moja dogo lililokuwa mezani mbele yangu: maji haya ya nani?

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu baba Naguru. Mama alipoweka chakula nilimtangulia kushika jagi, nikaanza kummiminia baba maji. Alinikodolea macho, mikono ikidondosha matone kwenye beseni.

"Una nini leo?" akauliza. "Si wewe uliyekuwa ukiniambia kila siku bomba lipo?"

Nikaendelea kumimina mpaka maji yakaisha.